Jazi ya Kiswahili katika Matoleo Mapya: Maoni ya Wakusanyaji

Mwalimu wa Kiswahili akitajiwa neno uhakiki, fikira zake huelekea mara moja kwenye riwaya, tamthilia na diwani za mashairi. Ni nadra sana afikirie santuri. Lakini hapa kwetu Rusizi, wilaya ambayo wengi wangali wakiiita Cyangugu, Kiswahili hakikuingia masikioni mwa watu kwa njia ya vitabu peke yake. Kiliingia kwa njia ya soko, kwa njia ya daraja linalotuunganisha na Bukavu, na kwa njia ya redio usiku. Wako wanafunzi waliokwisha kujua wimbo mzima wa Mbaraka Mwinshehe kabla hawajaweza kusoma ukurasa mmoja wa Kiswahili. Kwa hiyo nyimbo hizo ni sehemu ya fasihi tunayoifundisha, tukubali tusikubali.

Shabaha ya makala haya ni kutoa maoni yetu, sisi tunaokusanya santuri na kanda za bendi za Afrika ya Mashariki na Kongo, juu ya namna nyimbo za zamani zinavyotolewa upya siku hizi. Msimamo wetu ni huu: toleo jipya la wimbo ni sawasawa na chapa mpya ya kitabu, na halina budi kupimwa kwa vipimo vya kitabu. Je, matini ni kamili? Je, mtunzi ametajwa kwa haki? Je, maneno yanaeleweka, au yamefunikwa? Usafi wa sauti ni jambo zuri, lakini kitabu kilichochapwa kwa wino mzuri huku kurasa zake za mwisho zimechanwa hakiwezi kusifiwa kwa sababu ya wino.

Neno "jazi"

Yafaa kwanza tueleze neno lenyewe. Msomaji anayeijua jazi ya Marekani atastaajabu akisikia kwamba Dar es Salaam Jazz ilianzishwa mwaka 1932, Morogoro Jazz mwaka 1944, Kilwa Jazz mwaka 1958, Western Jazz mwaka 1959 na Nuta Jazz mwaka 1964. Upande wa Kongo, Joseph Kabasele alianzisha African Jazz mwaka 1953, na OK Jazz, bendi ya Franco, ikafuata mwaka 1956. Bendi hizi hazikupiga muziki wa New Orleans. Kwa watu wetu jazi ilikuwa jina la bendi ya dansi yenye ala za kisasa: magitaa, tarumbeta, saksafoni, ngoma na manyanga. Midundo yake mingi ilitokana na ile ya Kuba, iliyotufikia kwa santuri za alama ya GV zilizoanza kuenea Afrika katika miaka ya 1930. Wanamuziki wetu waliichukua, wakaitia magitaa yao, na juu yake wakaweka Kiswahili.

Hata hivyo liko jambo moja ambalo wapenzi wa jazi ya Marekani walitutangulia. Mwaka 1936 Mfaransa Charles Delaunay alichapisha kitabu kiitwacho Hot Discography, ambamo aliorodhesha rekodi za jazi pamoja na majina ya wapigaji na tarehe za kurekodiwa. Tangu hapo wakusanyaji wa muziki huo wamezoea kuuliza: nani alipiga, wapi, lini? Mpenzi wa Louis Armstrong hana taabu kujua kwamba trombone katika rekodi za kwanza za Hot Five, za mwaka 1925, ilipigwa na Kid Ory. Mpenzi wa Kilwa Jazz au Atomic Jazz akitaka kujua nani alipiga gitaa la kati katika wimbo aupendao, aghalabu hana pa kusoma. Itambidi amtafute mzee anayekumbuka, na wazee wanaondoka. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Muziki wetu ni mali kubwa, na daftari lake ni jembamba.

Wimbo uliokatwa mkia

Kosa la kwanza tunalolikuta katika matoleo ya marudio ni la kukata. Ili kulielewa, ni lazima kujua jinsi santuri zilivyokuwa. Santuri ya zamani ya mizunguko 78 kwa dakika ilichukua wimbo wa dakika tatu hivi kwa kila upande. Ilipokuja santuri ndogo ya mizunguko 45, nafasi iliongezeka, na watunzi wakajifunza kuugawa wimbo mrefu katika pande mbili. Mara nyingi upande wa kwanza ulibeba mashairi, yaani kisa, malalamiko au mawaidha. Msikilizaji aligeuza santuri, na upande wa pili ukaendelea na kiitikio, ala zikachangamka, na magitaa yakazungumza yenyewe. Wakongo waliuita mwendo huo sebene.

Mtengenezaji wa toleo jipya akiwa na haraka, huchukua upande wa kwanza tu, au huuzimisha upande wa pili polepole kabla haujafika mwisho. Hudhani kwamba amepunguza marudio yasiyo na faida. Sisi twasema amekata mkia wa wimbo, na katika mkia huo mna mambo mawili yenye thamani. La kwanza ni umbo la utungo. Kiitikio kinachorudiwa mara nyingi juu ya magitaa huibadili maana ya ubeti wa kwanza: neno lililoanza kama lalamiko la mtu mmoja huishia kuwa la watu wote wanaocheza. Mhakiki asiyesikia mwisho huo hawezi kuutolea wimbo hukumu.

La pili ni majina. Ni desturi ya bendi zetu kwamba magitaa yanapopamba moto, mwimbaji humwita mpigaji kwa jina, humsifu, na huutaja mji wake au bendi yake. Walimu wa ushairi wataitambua desturi hii mara moja. Ndiyo ile ya mshairi wa kale aliyejitaja katika beti za tamati ili utungo wake usipotee mikononi mwa wengine. Katika muziki usio na orodha za wapigaji, miito hiyo ndiyo sahihi ya kazi. Anayeukata mwisho wa wimbo ameifuta sahihi hiyo. Kwa sababu hii twapendelea santuri kuukuu yenye mikwaruzo, lakini kamili, kuliko sauti safi iliyokatwa.

Matoleo yanayostahili sifa

Hatupendi kulaumu tu. Yako matoleo yaliyofanywa kwa uangalifu, nayo yastahili kutajwa ili mwalimu ajue pa kuanzia.

Kwa maoni yetu, la kwanza ni Ngoma Iko Huku, la kampuni ya Dizim, lenye nyimbo za Salum Abdallah na bendi yake ya Cuban Marimba ya Morogoro. Wema wake ni kwamba lina mipaka: mtunzi mmoja, bendi moja, na miaka inayojulikana, 1955 hadi 1965. Msikilizaji aweza kufuata ukuaji wa mtu, kama asomavyo diwani ya mshairi mmoja. Mwaka 1965 ndio Salum Abdallah aliofariki kwa ajali ya barabarani, kwa hiyo diwani hiyo imefungwa na mauti. Ndani yake mna mapenzi, mawaidha na furaha ya nchi iliyopata uhuru, na yote yamesemwa kwa Kiswahili chepesi ambacho mwanafunzi wa sekondari aweza kukifuata pasipo kamusi. Wale wanaodhani kwamba wimbo wa dansi hauwezi kuwa na lugha nadhifu wausikilize mkusanyo huo.

La pili ni Masimango, la kampuni hiyohiyo, lenye nyimbo za Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz. Hapa tunasifu upambanuzi. Mbaraka, aliyezaliwa mwaka 1944, alikuwa na Morogoro Jazz hadi mwaka 1973, kisha akaunda Super Volcano, na akafariki katika ajali ya gari huko Mombasa mwezi Januari 1979. Hizi ni zama mbili zenye sura mbili. Kanda nyingi tulizozikuta masokoni, zisizo na jina la aliyezitengeneza, huzichanganya pasipo onyo: wimbo wa bendi ya kwanza hufuatwa na wa bendi ya pili, na msikilizaji hudhani kuwa ni mtu yuleyule kwa siku ileile. Ni kama kumchapa Shaaban Robert bila kutenga utenzi wa mwanzo na insha za utu uzima. Toleo linalotaja bendi moja na kushikamana nayo limekwisha kufanya nusu ya kazi ya mwalimu.

Tunautaja pia mfululizo wa Zanzibara wa kampuni ya Buda Musique ya Ufaransa, uliohaririwa na Werner Graebner, mtafiti aliyeushughulikia muziki wa pwani na wa dansi kwa miaka mingi. Juzuu ya tatu, iliyotoka mwaka 2007, inahusu bendi za Tanzania za miaka ya 1960. Ya tano, ya mwaka 2009, inafikia kipindi cha 1978 hadi 1983. Kipindi hicho cha pili kina historia yake. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri, na bendi zilirekodi katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, wanamuziki wote wakipiga kwa pamoja, kisha nyimbo zikachapwa Nairobi. Mwaka 1977 mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa, ukafunguliwa tena mwaka 1983. Kwa hiyo nyimbo nyingi nzuri za Mlimani Park, bendi iliyoanzishwa mwaka 1978, zilikaa katika kanda za redio, na wananchi walizijua kwa kuzisikia hewani. Atoaye upya nyimbo za zama hizo haokoi santuri iliyochakaa. Anautoa mkanda kabatini. Kazi hiyo yastahili shukrani.

Lakini shukrani haizuii swali. Maelezo ya juzuu hizi yameandikwa kwa Kifaransa na Kiingereza. Mgeni wa Paris anaelezwa wimbo unahusu nini. Mwalimu wa Kamembe au wa Tanga, ambaye lugha ya wimbo ni lugha ya kazi yake, hana ukurasa aliotengewa. Hatusemi kwamba mhariri amekosa adabu. Anayelipa ndiye huandikiwa, na wanunuzi wake wako Ulaya. Twasema kwamba pengo hilo halitazibwa na kampuni ya Ulaya. Ni letu sisi kulizibua au kuliziba.

Kurekodi upya si kutoa upya

Liko kosa la pili linalowapata hata wasikilizaji wazoefu, nalo ni kuchanganya wimbo uliotolewa upya na wimbo uliorekodiwa upya. Mfano ulio karibu nasi ni Jean Bosco Mwenda wa Katanga. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi akiwa kijana huko Jadotville, mji unaoitwa Likasi sasa, na wimbo wa Masanga ukaenea Afrika nzima kwa ajili ya gitaa lake lililopigwa kwa vidole. Mwaka 1988 Mwenda, mtu mzima sasa, alirekodi tena nyimbo zake huko Afrika ya Kusini, na rekodi hizo zikatolewa na kampuni ya Rounder ya Marekani mwaka 1994, miaka minne baada ya kifo chake. Hizi ni kazi mbili. Ya pili ina utulivu wa mtu anayekumbuka. Ya kwanza ina haraka ya kijana anayevumbua. Twaipenda ya pili, lakini haiwezi kushika mahali pa ya kwanza, wala mwalimu asiitumie kuonyesha Kiswahili cha Katanga cha mwaka 1952.

Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu katika mashariki ya Kongo, aliyehamia Dar es Salaam mwaka 1978, anatupa mfano mwingine. Nalilia Mwana, ya mwaka 1988, ilikusanya nyimbo zilizokwisha kurekodiwa nyumbani kwa wasikilizaji wa nyumbani. Songs for the Poor Man, ya mwaka 1989, ilitengenezwa katika studio ya Real World huko Uingereza. Ya pili ina sauti bora zaidi. Kila gitaa lina mahali pake. Lakini katika ya kwanza twamsikia mwimbaji akizungumza na watu wanaomjua, wanaocheka na kuguna pale anapotaka waguna. Mshairi wa wanyonge asomwe kwanza mbele ya wanyonge. Hayo ndiyo maoni yetu, na tunajua kwamba wengine watatupinga.

Jambo la kushangaza ni kwamba rekodi kongwe zaidi mara nyingi ndizo zenye daftari bora. Hugh Tracey alikuwa na desturi ya kuandika jina la mwimbaji, mahali, lugha na ala. Katika safari yake ya mwaka 1952 alifika pia Rwanda na kurekodi muziki wa ikulu ya mwami, na kampuni ya SWP ya Uholanzi imeutoa upya kwa jina la At the Court of the Mwami. Hivyo ngoma za ikulu zimeandikiwa kumbukumbu, lakini nyimbo za dansi zilizopigwa miaka 20 au 30 baadaye, zama za mashine bora zaidi, zimebaki na jina la wimbo na jina la bendi tu.

Kiswahili cha pande mbili za mto

Hapa Rusizi tuna sababu ya pekee ya kuyajali mambo haya. Mto ukivukwa, Kiswahili hubadilika. Mwanafunzi wetu husikia Bukavu batoto na batu, na darasani hufundishwa watoto na watu. Husikia mutu, nasi twamwandikia mtu. Mwalimu mwenye pupa humwambia kwamba cha kwanza ni kibaya, na basi. Kumbe santuri zetu zinavyo vyote viwili, kila kimoja kikiwa na watunzi wake mahodari. Mwenda aliimba kwa Kiswahili cha Kongo. Salum Abdallah na Mbaraka waliimba kwa Kiswahili cha Tanganyika. Samba Mapangala, mzaliwa wa Matadi, alipounda bendi Nairobi mwaka 1981, aliipa jina la Virunga, milima ya volkeno iliyo kaskazini ya ziwa letu, na nyimbo zake zikachanganya Kilingala na Kiswahili. Nyimbo hizo za mwanzo wa miaka ya 1980 zilitolewa upya mwaka 1990 katika Virunga Volcano, zikiachiwa urefu wake.

Mwalimu akiziweka nyimbo hizi sambamba, mwanafunzi ataona kwamba usanifu wa lugha ni mapatano ya shule na serikali, si hukumu juu ya akili ya jirani. Tangu mwaka 2017, Kiswahili kilipokubaliwa kuwa lugha rasmi nchini Rwanda, haja hii imezidi. Tutawafundisha wengi zaidi, na wengi wao watakuja darasani wakiwa wamekwisha kukipata Kiswahili cha sokoni. Lakini ulinganisho huo hauwezekani ikiwa toleo halikutuambia wimbo umerekodiwa wapi na lini. Tarehe na mahali ndivyo vinavyoigeuza burudani kuwa ushahidi wa lugha.

Nasi watu wa Rwanda tunajua kuliko wengi jinsi daftari linavyoweza kufungwa ghafla. Sebanani André, mwimbaji wa bendi ya Impala, aliuawa mwaka 1994 katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Sauti yake ingali ikisikika. Lakini maswali ambayo yeye peke yake angeweza kuyajibu, kwa nini neno hili, nani alipiga hapa, mstari huu ulimlenga nani, hayana tena wa kuulizwa. Na waliouawa pamoja na waimbaji ni wasikilizaji pia, waliozijua nyimbo kwa moyo. Sauti iliyosalia bila maelezo ni yatima.

Wajibu wa mwalimu

Kwa kuwa hatuwezi kuyalazimisha makampuni, tunapendekeza kazi iliyo katika uwezo wetu. Kila mwalimu achague wimbo mmoja, mmoja tu, autafute katika toleo lililo kamili, na ayaandike maneno yake pamoja na wanafunzi. Waandike wanachokisikia, si wanachokidhania. Palipo na shaka waweke alama ya kuuliza, wala wasipazibe kwa neno la kubuni. Kisha waende kwa wazee wa mtaa, wa upande huu na wa upande wa Bukavu, wawasomee, wasahihishwe. Chini ya matini waandike majina yote yaliyoitwa ndani ya wimbo, jina la bendi, na mwaka kama unajulikana. Tena waandike ni toleo gani walilolisikiliza, kwa maana matoleo hutofautiana.

Zoezi hili lafundisha imla, lafundisha lahaja, lafundisha historia, na juu ya yote lafundisha uaminifu kwa matini, sifa ambayo bila hiyo hakuna uhakiki. Lisitumike kuchapisha na kuuza maneno ya watu; nyimbo hizi zina wenyewe, na warithi wao wengi hawakupata matunda yake. Litumike darasani na katika kumbukumbu za shule.

Wageni wameifanya sehemu yao kubwa kuliko tulivyostahili kutazamia: wamezitafuta santuri, wamezisafisha, wamezitoa. Wao wanahifadhi mlio. Maneno ni juu yetu tunaoyaelewa, na wanaoweza kutusahihisha wangali hai, baadhi yao katika mtaa wa pili. Tunawakaribisha walimu wenzetu watupinge, watusahihishe, na zaidi ya hayo watuletee matini watakazoziandika.